Jina la Sitini na Mbili

Siku mliyoniaga, wakufunzi wenzangu, pale kituoni mlinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na maneno mazuri kuliko ninavyostahili. Mmoja wenu, simtaji kwa kuwa hakukusudia ubaya, alisimulia tena ile hadithi ya mzee wa Matiri aliyevuruga majina ya watahiniwa kwa kidole kimoja, na jinsi mimi, Mama Zaituni, nilivyoyaokoa. Mkacheka. Nami nikacheka, kama nilivyocheka kila mwaka mlipowasimulia walimu wapya kwenye somo la kupanga orodha. Saa ile sijaitundika mpaka leo. Iko mezani mbele yangu, inasema tiki tiki, na mimi naandika, maana hadithi hiyo mliipata kwangu na mambo hayakuwa hivyo.

Mnazijua hasira zangu, basi nivumilieni nikianza mbali kidogo.

Nilipangiwa Mbinga nikitokea Kondoa, miaka ile mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, ushirika wa kahawa umeyumba, na wanunuzi binafsi wanapanda milimani na mizani zao. Ghala moja dogo la kahawa lilibaki tupu. Wilaya ikalipaka chokaa, ikaandika mlangoni Kituo cha Walimu, na wafadhili wakaleta kompyuta nane zilizokwisha kuchoka huko kwao. Zilifika juu ya lori la mbolea, zimebanwa katikati ya magodoro. Mimi nilikuwa na mafunzo ya wiki sita niliyoyapata Dar es Salaam. Kwa maneno mengine, walimu niliokuja kuwafundisha nilikuwa nimewazidi wiki sita.

Tulianza mwezi wa Juni, na anayeijua Mbinga ya Juni anajua baridi yake. Afisa Elimu aliagiza viatu vivuliwe mlangoni ili vumbi lisiingie kwenye mashine. Basi walimu ishirini na wanne wakaketi na soksi juu ya saruji, watatu kwa kila kompyuta, wa milimani wakikunja vidole vya miguu na wa Liuli, waliozoea joto la ziwani, wakitetemeka waziwazi. Kila kompyuta ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kazi ya wake wa walimu. Nikavivua vyote kwa ukali, kwa sababu viliziba matundu ya hewa. Kesho yake nilivikuta vimerudi, vimefuliwa na kupigwa pasi. Ugomvi huo ulichukua mwaka mzima na sikushinda.

Katika mstari wa mbele alikaa Mwalimu Menradi Ndunguru, mwalimu wa darasa la saba kutoka shule moja ya Matiri. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mtu mrefu, mkimya, koti lake moja la kahawia, na kaunta buku aliyoandikia kila nilichosema, hata nilipokohoa nadhani. Umri wake ulinilazimu kumwamkia shikamoo kabla ya kumfundisha, na yeye aliitikia marahaba kisha akaniita mwalimu, bila kuona tatizo lolote. Mausi aliishika kwa vidole viwili, kwa adabu. Siku ile ya kwanza aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, nikibonyeza hapa, halafu nikajuta, narudi vipi?"

"Bonyeza tu, mzee," nikamjibu. "Haiumi."

Darasa likacheka. Yeye akaandika kwenye kaunta buku, sijui aliandika nini. Ukweli ni kwamba njia ya kurudi nilikuwa naijua kwa shida, na mwalimu mgeni hapendi swali linalomwonyesha mwisho wa elimu yake.

Nilikuwa na mwalimu wangu pia, ingawa hakuwahi kushika kompyuta. Jenereta yetu ilipogoma niliteremka nayo Liuli kwa Fundi Chiwanga, mzee aliyetumia maisha yake kwenye injini za maboti na mashine za kusaga. Alinikataza kugusa hata skrubu. Alinipa penseli kwanza. "Kabla hujafungua kitu, mwanangu, kichore kilivyokaa. Ukishafungua, kumbukumbu yako itakudanganya." Nikachora jenereta nzima kwenye kadibodi ya pakiti ya sabuni. Mchoro huo ninao hadi leo. Laiti funzo hilo ningelifuata hata nje ya jenereta.

Baada ya mafunzo tulianza kuzungukia shule. Tulipakia kompyuta mbili na jenereta kwenye Landrova ya idara, tukaenda Liparamba, tukaenda ziwani, tukapanda Matiri. Sehemu nyingi somo lilikuwa maonyesho tu: watoto sitini wanatazama kioo, mwalimu anaogopa kugusa, mimi naongea peke yangu. Kwa Mwalimu Menradi haikuwa hivyo. Mwaka mzima watoto wake walikuwa wamepima mvua kwa kopo la maziwa na kuandika ukutani. Siku ile wakamsomea tarakimu, mmoja mmoja, naye akaziingiza taratibu kwa kidole kimoja, kisha akabonyeza na nguzo za miezi zikasimama kwenye kioo. Nguzo ya Machi ilikuwa karibu itoboe juu.

"Mnaiona hii?" akawauliza. "Ndiyo mvua iliyobomoa ngoro za kina Kapinga." Ngoro ni yale mashimo Wamatengo wanayochimba mlimani ili udongo usiteremke. Watoto wakageuka wote kumtazama mtoto wa Kapinga, halafu wakaitazama tena ile nguzo, na nikaona kwa macho yangu tarakimu zikiwa udongo na mvua. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Somo zuri zaidi la kompyuta nililowahi kuliona ni lile, na lilifundishwa na mtu aliyejifunza kwangu kwa siku kumi na mbili.

Sasa nije kwenye kosa.

Mwezi Machi ni wakati wa kusajili watahiniwa wa darasa la saba. Zamani walimu waliandika fomu kwa mkono, nakala tatu, karatasi za kaboni, vidole vya bluu. Nikamwendea Afisa Elimu nikamwambia walimu wangu waje wachape majina hayo kituoni, yawe mazoezi na kazi kwa pamoja. Hakupenda. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye faili ndani ya faili. Mwishowe akakubali kwa sharti: "Likitokea kosa, mama, nitataka jina la mtu. Na likiwa la kituo, mashine hizi nazirudisha mkoani, Songea."

Walikuja. Mwalimu Menradi alikuwa na watahiniwa sitini na mmoja, ameyaandika majina yao matatu matatu kwenye karatasi: la mtoto, la baba, la ukoo. Aliyachapa kwa siku mbili. Kilichobaki kilikuwa kupanga kwa alfabeti, wavulana peke yao na wasichana peke yao, ili kila mmoja apate namba yake ya mtihani. Nikawaita wengine wakusanyike nyuma yetu waone. Jenereta ilikuwa imeanza kukohoa, petroli inakwisha. Nikashika mausi mimi mwenyewe, nikaipaka rangi ya kuichagua safu ya majina ya watoto. Hiyo safu moja tu. Ya baba na ya ukoo niliziacha.

"Tumeweka nakala ya mwanzo?" Mwalimu Menradi akauliza.

"Bonyeza, mzee. Petroli."

Akabonyeza. Majina ya watoto yakajipanga, na ya baba zao yakabaki yalipokuwa. Tukafanya hivyo kwa wavulana, tukafanya kwa wasichana, nikahifadhi, nikachapisha, na jenereta ikazimika kabla wengine hawajaiga. Ile orodha yake ya mkono niliiwashia jiko la mkaa la kupashia chai. Nilikuwa nimewatangazia kwamba habari za karatasi tumeachana nazo.

Mahali pengine kosa hilo lingeonekana palepale. Milimani kwetu halionekani. Nusu ya watoto ni wa ukoo wa Ndunguru, waliobaki ni Komba na Kapinga, na mababa wote wana majina ya watakatifu waliyopewa na mapadri. Agatha Osmundi Ndunguru akigeuka Agatha Kajetani Ndunguru, nani atashtuka? Anaonekana mtoto wa watu kabisa. Orodha ilikuwa na watoto sitini na mmoja, wazuri, wamepangwa vizuri, na karibu wote hawajawahi kuzaliwa.

Ikaenda Songea. Wiki mbili zikapita.

Jumatano moja asubuhi, mvua kubwa, Mwalimu Menradi aliingia kituoni akiwa ametapakaa matope mpaka magotini. Lori lilikuwa limekwama, akatembea sehemu kubwa ya njia. Akavua viatu mlangoni. Akatoa nakala ya orodha kwenye mfuko wa plastiki.

"Mwalimu, nimeharibu," akasema.

Alikuwa amewasomea watoto namba zao. Alipoita Agatha Kajetani hakusimama mtu. Agatha mmoja akasema baba yangu ni Osmundi. Watoto wakacheka, halafu wakaacha kucheka, maana kila aliyeitwa alikuwa nusu yeye na nusu mwenzake. Yeye alielewa upesi maana yake. Mtoto atafanya mtihani kwa jina la mtu ambaye hayupo, msimamizi atamtoa nje, au atafaulu na nafasi yake ya sekondari isimpate. Miaka ile shule nzima ilipeleka sekondari watoto watatu, wanne. Hakukuwa na mwaka wa pili wa kujaribu.

Nikafungua faili. Sikuhitaji hata dakika moja. Niliuona mkono wangu ukipaka rangi safu moja.

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema. Nawaapia, nilikuwa nimeufungua. Afisa Elimu akaingia, maana ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja na alikuwa amemwona mzee akipita kwenye mvua. Akaichukua ile karatasi, akasoma, akatutazama sote wawili.

"Nani alibonyeza?"

"Mimi, Afisa," akasema Mwalimu Menradi.

Na ni kweli alibonyeza yeye. Ndipo mdomo wangu ukafungwa. Nilijiambia kwamba nikisema mashine zitakwenda Songea, na walimu wote wa wilaya watapoteza kwa sababu ya safu moja. Labda ni kweli zingekwenda. Lakini sikufikiri hayo kwanza. Kwanza niliona aibu, na hizo sababu nzuri zikaja baadaye kuifunika, zimepigwa pasi.

"Gari la kwenda Dar es Salaam linaondoka Songea keshokutwa alfajiri," Afisa akasema. "Orodha sahihi iwe pale kesho kabla ofisi hazijafungwa. Na barua ya maelezo, na sahihi."

Alipotoka, Mwalimu Menradi aliketi mbele ya kompyuta.

"Tunarudi vipi, mwalimu?"

Hapakuwa na njia. Faili nilikuwa nimelihifadhi juu ya la kwanza. Karatasi yake niliichoma. Daftari la mahudhurio alilokuja nalo lilikuwa na majina mawili mawili, na ndani yake kina Agatha Ndunguru walikuwa wanne. Daftari la uandikishaji, lenye majina ya mababa, lilikwisha kuliwa na mchwa, na kurudi Matiri kuwauliza watoto, kwa matope yale, tusingewahi. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia hivyo, na sauti yangu ilikuwa ya ukali, utadhani ni yeye aliyeyamwaga.

Mwalimu Menradi akafumba macho, akaweka mikono juu ya magoti.

"Andika," akasema. "Tuanze na ntambo ya kwa Osmundi."

Ntambo, kwa msiokulia huku, ni mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, ambao watu wa ukoo mmoja wamejenga na kulima. Mwalimu Menradi alianza kuupanda kwa kichwa chake. Chini kabisa, penye mgomba mkubwa, Osmundi: Agatha. Juu yake, nyumba ya bati, Burukadi: Winfrida, na kaka yake Xaveri. Ukivuka kijito, Kajetani wa kwanza, yule anayefuga nguruwe: Eufrasia. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akishuka ntambo moja na kupanda nyingine. Mahali pengine alisimama na kurudi nyuma: "Hapana, hao wamehama, wako kwa bibi yao." Mimi nilichapa, nikifuta kila jina kwenye ile orodha iliyoharibika, la mtoto upande mmoja, la baba upande mwingine. Kama angekosea mahali, mwishoni tungebaki na mtoto na baba wasiofanana, na tusingejua kosa liko nyumba ipi kati ya zote.

Kwenye arobaini na tano alisimama muda mrefu. Nilisikia mvua na jenereta, na jenereta ndiyo niliyoiogopa. "Kuna nyumba nimeiruka," akasema. Akarudi mpaka kijito cha tatu, akapanda upya, midomo inacheza bila sauti. "Engelberti. Ana mtoto mlemavu wa mguu, Kosmasi. Huwa nampitia asubuhi tukaenda wote, ndiyo maana sikumkuta nyumbani." Tukaendelea. Jioni lilibaki jina moja upande wa watoto na jina moja upande wa mababa, na alipolitaja la mtoto, lilikuwa lenyewe. Sitini na moja. Nikalia. Yeye akadhani ni uchovu, akanimiminia chai.

Kesho yake, ndani ya Landrova, aliandika barua ya maelezo juu ya goti lake, kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani ambao hautetemeki hata gari likiteleza. "Mimi, Menradi Ndunguru, nilibonyeza bila kuelewa ninachobonyeza." Alinipa niisome kama ina kasoro. Nikasema haina.

Songea karani aliikubali orodha dakika chache kabla ya kufunga. Akaitazama barua. "Inahitaji shahidi," akasema.

Mwalimu Menradi akanipa kalamu. Chini ya sahihi yake, kwenye nafasi ya shahidi, nikaandika Zaituni Juma, mkufunzi. Ni jambo dogo, lilichukua muda wa kuandika jina. Sijafanya baya zaidi ya hilo kazini, wala nje ya kazi.

Septemba watoto walifanya mtihani kwa majina yao. Agatha Osmundi alichaguliwa sekondari, na wengine watatu. Mwalimu Menradi alipata barua ya onyo iliyowekwa kwenye jalada lake baada ya miaka thelathini na kitu bila hata doa. Tulipopanda tena Matiri na kompyuta alitupokea vizuri, akawapanga watoto, akasimama nyuma ya darasa. Nikamwita aje afundishe mvua. Akatikisa kichwa. "Fundisha wewe, mwalimu. Mimi nitaharibu." Hakugusa tena kompyuta. Lile somo halikufundishwa tena na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeliweza.

Alipostaafu alinijia kituoni na kiroba cha maharage mabegani. Alitaka kunishukuru. "Mkufunzi mwingine angeniacha na kosa langu," akasema. "Wewe ulikaa na mimi mpaka jina la mwisho." Nikayapokea maharage. Nikayapika. Mficha uchi hazai, wanasema, na mimi niliuficha wangu nikaendelea kula.

Ninyi mkaajiriwa. Mkauliza kwa nini nakazania sana nakala ya mwanzo, na mimi nikawapa mfano wa mzee mmoja wa Matiri. Sikumtaja jina. Jina mlilipata wenyewe, na mfano ukawa kichekesho, na kichekesho kikawa somo la tatu la kila mafunzo. Nilipokwenda kumzika, msemaji wa familia alisifu kazi yake yote, kisha akasema kwa upole kwamba kompyuta tu ndiyo iliyomshinda. Nilikuwa nimeketi mstari wa pili.

Wiki iliyopita nilipanda Matiri. Mjane wake alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwamkia, nikaketi kwenye kigoda, nikamweleza yote, ya safu moja, ya petroli, ya jiko la mkaa, ya sahihi ya shahidi. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza nilimwambia nimekwisha kuandika barua idarani ili nakala ya ukweli iwekwe kwenye jalada lake.

"Alikuwa anasema vidole vyake ni vya jembe," akasema. "Kila redio ikitaja kompyuta, anaizima."

Nikasema nisamehe, mama. Alipuliza maganda kwenye ungo, akaniuliza, "Hao wanaomcheka huko kituoni, mwalimu, wako wangapi?"

Nikahesabu mafunzo mawili kwa mwaka, walimu ishirini na wanne kila mara, na miaka yote ile. Nikamwambia ni wengi sana, mama.

"Yeye watoto sitini na mmoja aliwataja kwa siku moja," akasema. "Basi na wewe waambie, mmoja mmoja."

Nimeanza na ninyi.